Kuku wa Buluu na Tawala za Maneno

Msomaji akiambiwa kwamba wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaokesha wakitafuta kuku wa rangi ya buluu, yamkini atacheka. Akionyeshwa kuku mwenyewe atacheka zaidi, kwa maana macho yake yatamwambia kuwa huyo ni wa kijivu, rangi ya jivu lililopoa mekoni. Lugha yetu ina mizizi mitatu tu ya rangi inayopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingi zilizobaki tumeziazima kwa vitu tuvionavyo: majani, jivu, zambarau. Mswahili anapomwita kuku wa kijivu husema anachokiona. Mfugaji wa kuku wa maonyesho huko Uingereza anapomwita wa buluu husema kilichoandikwa kitabuni, na hapo ndipo udadisi wangu, mimi mwanaisimu, ulipoanzia.

Ufugaji wa kuku kwa ajili ya uzuri wa manyoya ulishika kasi Uingereza katika miaka ya 1840, pale kuku wakubwa kutoka China walipofika huko, wengine wakitunukiwa Malkia Victoria. Mwaka 1845 maonyesho ya kuku yalifanyika katika bustani ya wanyama ya London. Sasa, penye mashindano pana waamuzi, na penye waamuzi pana ugomvi. Ili kuukata ugomvi huo, kitabu cha vigezo kilichapishwa Uingereza mwaka 1865, na Wamarekani wakachapisha chao mwaka 1874. Humo hueleza upanga wa jogoo uwe na umbo gani, jicho liwe na rangi gani, na kila unyoya upambwe vipi. Kuku akipungukiwa hukatwa alama, kama mtahiniwa.

Kwa desturi, kitu hutangulia na neno likafuata. Mtunga kamusi husikiliza watu wanavyosema, kisha akaandika. Mtunga vigezo vya kuku hufanya kinyume: huandika kwanza, kisha wafugaji wakahangaika vizazi na vizazi kumzalisha kiumbe atakayelingana na sentensi. (Sisi tuliosomeshwa Kiswahili sanifu, kilichoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kwa msingi wa Kiunguja, tunaujua utaratibu huo. Wenyeji wa Mombasa walioupokea mkutano nyumbani kwao wakajikuta wakizungumza lahaja. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Je, kiumbe hukubali kutawaliwa na sentensi? Mtazame kuku wa Andalusia, aliyepewa jina la jimbo la Uhispania lakini akanakshiwa na wafugaji wa Uingereza. Kigezo chake ni buluu, na ukingo mweusi kuzunguka kila unyoya. Wafugaji walimpandisha jogoo wa buluu kwa mtetea wa buluu, wakateua walio bora, wakarudia miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo, kila walipoangua mayai walipata robo ya vifaranga weusi na robo nyingine weupe wenye mabaka ya kijivu. Nusu tu ndio waliokuwa wa buluu. Walidhani damu imechafuka, wakawatupa weusi na wale wa mabaka, wakaanza upya.

William Bateson na Reginald Punnett wa Cambridge ndio walioeleza kiini cha jambo hili katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Bateson alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1902, akitumia kuku, kwamba kanuni za Mendel zinawahusu wanyama pia, na ndiye aliyeipa taaluma ya urithi jina lake la Kiingereza mwaka 1905. Punnett ni yule yule wa mraba ambao wanafunzi huuchora katika mtihani wa Biolojia. Maelezo yao ni mepesi. Kuna jeni inayofifisha weusi. Kuku asiyekuwa nayo ni mweusi. Mwenye nakala 2 hufifia hadi akawa mweupe wa mabaka. Mwenye nakala 1 ndiye wa buluu. Kwa hiyo buluu ni hali ya katikati, na hakuna ubingwa wa kuteua utakaoifanya izae buluu tupu. Anayetaka vifaranga wote wawe wa buluu hana budi kumpandisha mweusi kwa yule wa mabaka, yaani wale wawili waliokuwa wakitupwa!

Mfano wa Marekani ni wa ajabu zaidi. Kuku wa Plymouth Rock wana michirizi myeusi na myeupe, na kigezo kilitaka jogoo na mtetea wafanane kwa rangi. Jeni ya michirizi hukaa kwenye kromosomu ya jinsia, na kwa ndege, jogoo ndiye mwenye kromosomu hiyo mara 2 ilhali mtetea anayo 1. Jogoo basi hufifishwa maradufu, akawa mweupe zaidi ya dada yake. Wafugaji walifanyaje? Walifuga koo mbili mbalimbali: moja ya kuzaa majogoo wa maonyesho, ambayo watetea wake walikuwa weusi kupita kiasi, nyingine ya kuzaa watetea wa maonyesho, ambayo majogoo wake walikuwa weupe mno. Kisha wakamleta jogoo wa ukoo huu na mtetea wa ukoo ule mbele ya mwamuzi, chini ya jina moja, kana kwamba ni ndugu. Nafsi yangu haiwalaumu. Wamefanya yale ambayo wanasarufi hufanya kila siku: kulinda kanuni kwa kuzificha tofauti.

Si kwamba maneno hushindwa daima. Sir John Sebright, mwanzoni mwa karne ya 19, aliunda kuku mdogo ambaye kila unyoya wake una ukingo mwembamba mweusi, na majogoo wake wana manyoya ya kike. Charles Darwin alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1859: kwa upande wa njiwa, Sebright alidai kwamba angetoa unyoya wowote autakao kwa miaka 3, ila kichwa na mdomo vingemchukua miaka 6.

Kwetu hatuna kitabu cha vigezo, lakini majina tunayo. Kuchi ni yule mrefu wa miguu na shingo, mpiganaji. Kishingo hana manyoya shingoni. Kuku wa shungi ana manyoya yaliyosimama utosini. Kidimu ni yule ambaye manyoya yake yamepinda kuelekea nje, utadhani upepo ulimjia kinyumenyume. Majina haya yalifuata kitu, wala hakuna aliyetupwa kwa kutolingana nayo.

Ajabu ni kwamba kidimu na kishingo hubeba somo lile lile la kuku wa Andalusia. Kidimu wawili wakipandishwa, kwa wastani robo ya vifaranga huwa na manyoya ya kawaida, nusu ni kidimu, na robo wana manyoya dhaifu yanayokatika katika. Kishingo mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo ana nakala 1 ya jeni. Mwenye shingo tupu kabisa anazo 2. Mwenye nakala 1 hupungukiwa na takriban asilimia 20 ya manyoya, mwenye 2 asilimia 40, na ndiyo maana hustahimili joto. Mwanafunzi anaweza kuisoma jeni hiyo kwa macho, bila darubini. Lakini tunamfundisha urithi kwa mimea ya kunde na maua ambayo hajawahi kuyapanda.

Aidha, ndege hawa si wa kudumu milele. Tangu mwaka 1976, mpango wa taifa uliosaidiwa na Uholanzi ulisambaza majogoo wa kigeni vijijini ili kuongeza nyama na mayai. Nia ilikuwa njema, na mkulima mwenye ada ya kulipa hawezi kuambiwa afuge shungi. Hata hivyo, mbegu ikibadilishwa bila orodha ya kilichokuwapo, hatutajua kilichotoweka. Wanafunzi wangu wengi wa chuo kikuu hawalijui neno kidimu, na jina likitoweka hakuna atakayemuulizia ndege mwenyewe.

Walimu wa Biolojia na wa Kiswahili wanaweza kushirikiana hapa bila kusubiri mtaala. Shule yenye banda la somo la kilimo inunue jogoo mmoja wa kidimu na watetea wawili watatu wa manyoya ya kawaida. Vifaranga wahesabiwe wanapoota manyoya: nusu kwa nusu ndiyo inayotarajiwa, ingawa katika vifaranga 10 si ajabu kupata 7 kwa 3, na hilo nalo ni somo la Hisabati. Kwa upande wa Kiswahili, kila mwanafunzi arudi nyumbani likizo na daftari, amwombe bibi amtajie kuku wake mmoja mmoja kwa jina la rangi na umbo, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, na ayaandike jinsi yalivyotamkwa.