Nani Afikiwe Kwanza?

Ndugu msomaji, mimi ni tabibu wa zahanati ya kijiji. Siku nyingine nafunga sanduku la dawa nyuma ya baiskeli, nazunguka vitongojini. Leo tuzungumze juu ya mzunguko huo. Wewe pia unahusika, na utaona kwa nini.

KOSA LANGU

Siku moja nilikuwa na nyumba nne za kufika. Zote zilikuwa upande mmoja, katika njia iendayo mtoni.

Kilomita 2 kutoka zahanati alikaa mzee mwenye shinikizo la damu. Dawa zake zilikuwa bado za siku 5.

Kilomita 4 alikuwapo mama aliyejifungua jana yake.

Kilomita 5 kuna njia panda. Ukikata kushoto, ukaenda kilomita 3, unafika kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Vidonge vyake vilikuwa vimebaki vya siku hiyo tu.

Kilomita 9, karibu na mto, alikuwapo mtoto wa mwaka mmoja. Kijana aliyeleta habari alisema, "Daktari, mtoto anaumwa tumbo." Sikumwuliza zaidi.

Nilianza na wa karibu. Kwa mzee nilikaribishwa uji, nikakaa. Nikaenda kwa mama mzazi. Nikakata njia panda kwenda kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Nilifika kwa mtoto saa 8 mchana.

Macho yake yalikuwa yamedidimia. Nilipoifinya ngozi ya tumbo, ilirudi polepole sana. Hakuweza kunywa. Kumbe alikuwa akiharisha na kutapika tangu usiku. Bibi yake aliniambia, "Mwanangu, tulikuletea habari alfajiri." Sikuwa na jibu.

Tulimkimbiza kituo cha afya, akatiwa maji kwa mshipa. Alipona. Lakini hakupona kwa sababu ya mpango wangu.

HESABU YA NJIA

Baadaye nilichora njia ile mchangani kwa kijiti. Niliweka jiwe kwa kila nyumba. Nikajumlisha: kwenda kilomita 9, kurudi kilomita 9, na njia panda kwenda na kurudi kilomita 6. Jumla kilomita 24.

Kisha nikageuza mpango. Kwanza mtoto, wengine wakati wa kurudi. Nikajumlisha tena. Jumla kilomita 24!

Umeona, ndugu msomaji? Mwendo ni ule ule. Lakini kwa mpango wa kwanza mtoto alingoja kilomita 15 na nyumba tatu. Kwa mpango wa pili angengoja kilomita 9 tu.

TUNAVYOPANGA SASA

Kabla ya kutoka, mimi na mhudumu wa afya wa kijiji tunawagawa watu katika mafungu matatu:

1. Wa sasa hivi. Hawa wana dalili za hatari.
2. Wa leo. Wanaweza kungoja saa chache, lakini jua lisitue kabla hawajafikiwa. Mgonjwa wa kifua kikuu asikose dawa hata siku moja.
3. Wa wiki hii. Mzee wetu yumo humu.

Wa sasa hivi anafikiwa kwanza, hata kama ni wa mbali. Aliye kando ya njia hatumpiti kimya. Kwa mama mzazi nasimama kidogo, nauliza: Damu inatoka nyingi? Mtoto ananyonya? Kama kuna hatari, naye ni wa sasa hivi. Kama wote wazima, naendelea, nitarudi kumpima vizuri. Wasio na hatari tunawafuata kwa mpangilio wa nyumba, ili tusirudie njia bure.

KAZI YAKO

Mpango huu hauwezi kufaa kama habari haikutimia. "Anaumwa" haitoshi. Mtume mtu aseme mgonjwa ana nini, na tangu lini. Aseme haraka ukiona dalili hizi:

– Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu.
– Ana degedege, amelegea sana au hazinduki.
– Anapumua kwa shida.
– Mama mjamzito au mama mzazi anatokwa damu nyingi, ana degedege, au kichwa kinamwuma sana na macho yanaona ukungu.
– Mtu ameumwa na nyoka.

Kama kituo cha afya kiko karibu kuliko mimi, usiningoje. Mpeleke mgonjwa huko mara moja.

Mtoto anayeharisha aanze kutibiwa nyumbani. Chukua pakiti moja ya dawa ya kuongeza maji mwilini. Ichanganye yote katika maji safi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Kama ananyonya, asiachishwe. Hata ukiwa njiani kwenda kituoni, endelea kumnywesha kama anaweza kunywa.

Na siku utakapoona baiskeli yangu inapita mlangoni kwako bila kusimama, usikasirike. Jua kwamba huko mbele kuna mtu asiyeweza kungoja. Kesho huenda akawa mtoto wako, nami nitapita kwa jirani.

Yule mzee nilimweleza habari hii. Alicheka, akasema, "Pita tu, mjukuu wangu. Uji utaukuta."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto alichelewa kufikiwa? Taja makosa mawili.
2. Katika kitongoji chenu, nani hupeleka habari za mgonjwa zahanati? Je, anajua dalili za hatari?
3. Chora mchangani njia ya kutoka kwenu hadi zahanati. Mvua ikinyesha na mto ukijaa, mgonjwa atapita wapi?