Maji ya bahari yanaweza kunywewa, lakini nani anashika ufunguo?



Ugomvi wa maji ukianza, watu husema: «Maji yangekuwa mengi, tungekaa kwa amani.» Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Ili tulipime, tutazame mahali ambapo watu wamejifunza kupata maji ya kunywa kutoka baharini.

Ubaya wa chumvi

Karibu asilimia 97 ya maji yote ya dunia ni ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Mtu akiyanywa, figo zake hulazimika kutoa chumvi hiyo katika mkojo, na kazi hiyo hutaka maji mengi kuliko yale aliyokunywa. Kiu inazidi, mwili unakauka. Kuyachemsha tu hakusaidii: moto unaua vijidudu, lakini chumvi inabaki ndani ya chungu.

Njia mbili za kuitoa

Njia ya zamani ni kuchemsha maji na kukamata mvuke wake. Ukifunika chungu, unaona matone chini ya kifuniko. Matone hayo hayana chumvi. Njia hii inakula moto mwingi, na ndiyo sababu ilienea sana katika nchi za Ghuba zenye mafuta.

Njia ya pili ni ya utando. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, walitengeneza utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Maji hayapiti yenyewe. Pampu huyasukuma kwa nguvu inayozidi zaidi ya mara 20 ile ya upepo katika tairi la gari. Kwa kawaida, karibu nusu hutoka yakiwa safi. Nusu nyingine hubaki na chumvi kali na kurudishwa baharini, tena kwa uangalifu ili yasidhuru samaki.

Katika kiwanda kikubwa cha kisasa, mita moja ya ujazo, yaani bidoni 50 za lita 20, inahitaji kilowati-saa 3 hadi 4 za umeme. Tukumbuke jambo hili: bila umeme, hakuna maji.

Maji yalipoongezeka

Wasomaji wa Biblia wanajua Mto Yordani na Ziwa la Galilaya. Mwaka 1964 Israeli ilianza kupeleka maji ya ziwa hilo upande wa kusini. Nchi za Kiarabu nazo zikaanza kazi za kugeuza vijito vinavyoulisha mto, na jeshi la Israeli likashambulia kazi hizo katika Siria. Ugomvi huo ulikuwa mmoja wa mambo yaliyochochea uhasama kabla ya vita vya Juni 1967.

Tarehe 26 Oktoba 1994, Israeli na Yordani zilitia sahihi mkataba wa amani. Ndani yake waliandika kila upande utapata maji kiasi gani na katika majira gani. Wakaunda kamati ya pamoja, watu watatu kutoka kila upande.

Kisha viwanda vya maji ya bahari vikaja. Kile cha Ashkelon kilianza mwaka 2005, na kufikia 2015 Israeli ilikuwa na vikubwa vitano. Kwa kuwa maji yaliongezeka, mwaka 2021 Israeli ilikubali kuiuzia Yordani mita za ujazo milioni 50 zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo nchi hizo mbili, pamoja na Falme za Kiarabu, zilitangaza mpango mwingine: Yordani itoe umeme wa jua, Israeli itoe maji ya bahari yaliyosafishwa.

Lakini vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, mpango huo ulikwama. Novemba 2023 Yordani ilisema haitautia sahihi. Yordani imeendelea na mpango wake yenyewe wa kusafisha maji ya bahari huko Aqaba na kuyapeleka Amman.

Huko Gaza kwenyewe, karibu maji yote ya chini ya ardhi yameharibika kwa chumvi na uchafu. Mwaka 2017 kiwanda cha kusafisha maji ya bahari kilifunguliwa karibu na Deir al-Balah, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na UNICEF. Umeme wake ulitoka Israeli. Mwezi wa Machi 2025 Israeli iliukata. UNICEF ilieleza kwamba maji yalishuka kutoka mita za ujazo 18,000 kwa siku hadi kama 2,500. Bahari ilikuwa palepale. Mitambo ilikuwa palepale. Kilichokosekana ni umeme, na aliyeshika ufunguo alikuwa mwingine.

Na sisi?

Goma haina bahari, wala haihitaji kiwanda cha namna hiyo: ziwa liko mlangoni. Hata hivyo, vita vilipofika mjini Januari 2025, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na wakaaji wakateka maji ya ziwa yasiyosafishwa, pamoja na hatari yote ya kipindupindu. Maji mengi mbele ya macho si sawa na maji ya kunywa nyumbani.

Sheria iko. Itifaki ya pili ya mwaka 1977, inayoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inahusu vita vya ndani ya nchi. Kifungu chake cha 14 kinakataza kushambulia au kuharibu mitambo ya maji ya kunywa ili kuwatesa raia kwa njaa. Kila mwenye silaha anapaswa kuijua.

Kwa hiyo, mashine huongeza maji, lakini haiandiki mapatano. Kamati ya chemchemi inapochaguliwa kijijini, iulize mapema: ufunguo utakaa kwa nani? Mazutu au umeme vitalipwa na nani? Wale wa ng'ambo ya kilima wana mjumbe? Na tukigombana juu ya jambo lingine, maji yatabaki wazi kwa wote? Majibu yaandikwe siku watu wanapopatana, kwa sababu siku ya ugomvi hakuna atakayekubali kuyaandika.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, nani anaweza kufunga maji, na nani anaweza kumwuliza sababu?
2. Ni nani asiyekuwapo siku sheria za bomba zilipowekwa?
3. Tufanye nini mwezi huu ili naye asikilizwe?