Mpe Mtoto Zamu ya Kusimulia

Mzazi msomaji, usiku watoto wanapoitikia "Pakawa!", sisi wakubwa ndio wasimuliaji, nao ni wasikilizaji. Je, umepata kumpa mwanao wa miaka mitano zamu ya kusimulia? Hadithi yake itakufunulia mambo ambayo maamkizi na maombi ya chai hayawezi kukueleza.

Kusimulia ni kazi nzito. Mtoto hana budi akumbuke matukio, ayapange, achague maneno, tena amfikirie msikilizaji ambaye hakuwapo. Wa miaka mitatu hutaja jambo moja moja. Wafikapo mitano, wengi huyafuatanisha: Sungura aliona kisima, akanywa maji, Simba akamkamata. Baadaye huongeza sababu: alikunywa kwa kuwa alikuwa na kiu.

Lakini wako watoto wenye akili timamu na masikio mazima ambao lugha huwawia ngumu. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba watoto wapatao 7 katika kila 100 wa umri wa chekechea walikuwa na shida hiyo. Mtoto wa namna hiyo husema, "Akampiga, akaenda, akaanguka," nawe hujui nani alimpiga nani. Sababu haimo, wala mwisho haupo.

Huko Uingereza, Dorothy Bishop na mwenzake waliwachunguza watoto 87 wenye matatizo ya lugha tangu wakiwa na miaka minne. Mwaka 1987 walieleza kwamba kipimo kilichobashiri vizuri zaidi nani angeondokewa na shida hiyo afikapo miaka mitano na nusu kilikuwa chepesi: mtoto husimuliwa hadithi huku akionyeshwa picha, kisha huisimulia mwenyewe.

Basi tufanye nini? Tusimcheke wala kumchapa. Huo si uvivu. Mwonyeshe picha, umwulize: "Nani? Kisha? Kwa nini?" Irudie sentensi yake kwa ukamilifu bila kumkaripia. Kama nyumbani mnasema Kisukuma au Kigogo, asimulie kwa lugha aijuayo zaidi. Ugeni wa Kiswahili si maradhi. Akiwa bado yu nyuma mno ya wenzake, apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza, na mwalimu wake aarifiwe.

Mtoto anayejifunza kusimulia hujifunza pia kumweleza daktari mahali panapouma, na kujitetea anaposingiziwa. Asinyimwe haki hiyo kwa kuwa sisi tumerudi kazini tumechoka kumsikiliza.