Kinywa Kilichopanda Kichwani

Msomaji wa Malindi ananiandikia kwamba dada yake alipigwa picha ya kichwa, daktari akaona uvimbe na, ubavuni mwake, mfuko wa maji. Vyote viwili viko karibu na tezi ya pituitari, ile iliyojificha nyuma ya pua, ndogo kama punje ya mbaazi zenu za mahamri. “Je, ni maradhi mawili, au ni moja lenye sura mbili?” auliza. Namna mashine inavyopiga picha hizo tuiache. Swali lake ndilo tamu.

Ila kwanza, neno. Kiswahili chetu huita kila kitu uvimbe, liwe jipu au nundu. Wengine huandika “kisti”, nami sikioni kama ni Kiswahili, ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Huo mfuko wa maji nitauita kidimbwi mpaka wenye kamusi wanikemee. Aliyebuni “kiinitete” ndiye fundi: kiini ambacho bado ni tete. Apewe mbuzi.

Jibu linaanzia tumboni mwa mama. Wiki ya nne ya mimba, kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, bado hakina uso wa kutambulika. Paa la kinywa chake hujikunja likawa kifuko kinachopanda juu, na sakafu ya ubongo nayo huteremsha kijitawi kuja kukilaki. Hapo ndipo tezi ya pituitari inapozaliwa: upande wa mbele umetoka kinywani, wa nyuma umetoka ubongoni. Mjerumani Martin Rathke alikieleza kifuko hicho mwaka 1838. Baadaye shina lake hukatika, mfupa wa fuvu ukaziba njia.

Anayeijua hori ya Mida, huko pwani kwenu, hana haja ya picha. Bamvua likijaa, bahari hupenya kwenye mlango mwembamba ikatanda katikati ya mikoko. Sasa tuseme mchanga umeuziba mlango ule usiku mmoja. Ndani kutabaki nini? Maji, kwanza, yasiyo na pa kutokea, yakizidi kuwa mazito. Hicho ndicho kidimbwi cha Rathke. Kuta zake zina seli zinazotoa ute, na nyingine zina vinyweleo vinavyopiga makasia kana kwamba ziko kooni. Lakini ndani zitabaki mbegu pia. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikidondoka hujichoma topeni tayari kukua. Masalia ya kifuko nayo, yakipata hitilafu katika jeni iitwayo CTNNB1, huota yakawa kraniofaringioma, jina lililoenezwa na mpasuaji Mmarekani Harvey Cushing. Uvimbe huo nao huweza kujaa maji meusi kama oili chafu ya injini, yenye kumetameta fuwele za kolesteroli, na mara nyingi huganda chokaa, kama maji ya bahari yanavyoganda chumvi kule Gongoni.

Na seli hizi hazisahau kwao! Kinywa ndicho kioteshacho meno. Basi aina ya uvimbe huu inayowapata zaidi watoto, ukiitazama kwa darubini, inafanana na tishu inayotengeneza enameli ya jino. Mwaka 2014 madaktari wa Baltimore, Marekani, waliripoti habari za mtoto wa miezi 4 waliyemtoa uvimbe kichwani. Ndani yake mlikuwa na meno, yameumbika kabisa.

Kukiona kidimbwi na uvimbe huu pamoja ni nadra, na wapo mabingwa wanaosema ni sadfa tu. Mimi nauona ukoo mmoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ikiwa uvimbe wa dada yako ndio huo, ana maradhi mawili ya nyumba moja. Kidimbwi wengi huzikwa nacho bila kukijua. Uvimbe ndio wenye tabia ya kurudi hata baada ya kutolewa. Apimwe macho mapema, kwani neva za kuonea hupita juu ya tezi hiyo hiyo. Na akiambiwa atapasuliwa kupitia puani asishtuke: kifuko chenyewe kilipanda jirani na hapo.