Mgawanyo wa Mali Ndoa Inapovunjika: Sheria ya Kenya na Boma la Ntimaru

Mali ya wanandoa wanaoachana nchini Kenya hugawanywa chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Kabla yake mahakama zilitegemea sheria ya Uingereza ya 1882, na uamuzi ulibadilika kesi hadi kesi. Mwaka 1991, katika kesi ya Kivuitu, Mahakama ya Rufaa ilitambua kazi ya mke nyumbani kuwa mchango. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, mahakama hiyohiyo ilirudi nyuma: mke wa balozi aliyekuwa amepewa nusu ya shamba la Tigoni akabakishiwa robo.

Katiba ya 2010, ibara ya 45(3), iliwapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria ya 2013 ikataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shambani na uangalizi wa biashara ya familia kuwa mchango kamili. Lakini kifungu cha 7 kinasema kila mmoja hupata kadiri alivyochangia. Shirika la mawakili wanawake, FIDA, lilikipinga, na Mahakama Kuu ikatupilia mbali ombi hilo mwaka 2018. Tarehe 27 Januari 2023, katika kesi ya JOO na MBO, Mahakama ya Juu iliidhinisha nusu kwa nusu kwa wahusika hao, huku ikisisitiza kwamba haki sawa haimaanishi nusu ya moja kwa moja. Mchango sharti uthibitishwe.

Uthibitisho huo ndio mgumu Ntimaru, Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Utajiri huko ni mashamba, ng'ombe na nyumba za kupangisha sokoni. Chukua tumbaku, zao lililosomesha watoto wengi wa Wakuria. Mke huotesha miche kitaluni, huchuma majani, huyafunga kwenye fito, kisha hukesha akichochea kuni kwenye banda la kukaushia. Mkataba na kampuni mara nyingi huwa na jina la mume, na malipo huingia kwa mume. Miaka ishirini baadaye, plaza iliyojengwa kwa pesa hizo ina hatimiliki yenye jina moja. Sheria, kifungu cha 14, huchukulia kwamba mali ya ndoa iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja imeshikwa kwa amana kwa ajili ya mwenzake pia, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Ndoa za wake wengi zina kifungu chao, cha 8, na watu wa Ntimaru wangenufaika kukijua kuliko kingine chochote. Mali ya ndoa aliyoipata mume na mke wa kwanza kabla ya kuoa mwingine ni yao wawili tu, kwa usawa. Iliyopatikana baadaye ni ya mume na wake zake kulingana na mchango wa kila mmoja. Tena, wakikubaliana wazi kwamba mke fulani atakuwa na mali yake na mume, wake wengine hawaigusi. Hapo sheria inakaribiana sana na mila ya Wakuria, ambamo kila nyumba ina ng'ombe wake, hasa wale wa mahari ya mabinti wa nyumba hiyo.

Shamba la urithi ni jambo jingine. Lililorithiwa kabla ya ndoa si mali ya ndoa, na mahakama huzingatia mila na haki za vizazi vijavyo katika ardhi ya ukoo. Hata hivyo, mwenzi aliyeliendeleza hupata haki kwa kiasi alichochangia. Kwa walio ughaibuni, hapa ndipo pesa hupotelea: nyumba ya mamilioni hujengwa juu ya ardhi ya baba mkwe, bila karatasi yoyote.

Nchini Uingereza, Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua mwaka 2000, katika kesi ya White, ya wakulima, kwamba mtafuta pesa asipendelewe dhidi ya mtunza nyumba. Kenya bado inadai hesabu, na kesi ya mali yenye thamani inayozidi shilingi milioni 20 husikizwa na Mahakama Kuu, kama ile ya Migori.

Basi anayetuma pesa nyumbani atunze risiti, taarifa za benki na jumbe za M-Pesa, asajili ndoa yake ya kimila, na akiwa na shaka aweke zuio katika ofisi ya ardhi mapema, kabla shamba halijauzwa.