Maji ya mapambo kidimbwini: Jua swichi iliko kabla ya kufurahia

Katika mitaa ya Mombasa kama Nyali, Bamburi na Shanzu, si ajabu siku hizi kukuta kidimbwi cha kuogelea chenye maji ya mapambo. Maji huruka kutoka ukingoni, yakajipinda hewani na kuangukia katikati ya kidimbwi, na usiku humulikwa na taa za rangi. Ni mandhari ya kupendeza, hasa kwa nyumba zinazokodishwa kwa wageni. Hata hivyo, maji hayo husukumwa na pampu, na pampu hiyo huendeshwa na stima ya volti 240. Wenye nyumba, wapangaji na wafanyakazi wa nyumbani wanahimizwa kuujua mtambo huu vyema, kwa kuwa uzembe mdogo unaweza kugharimu maisha.

Mtambo unavyofanya kazi

Pampu huvuta maji kutoka kidimbwini, huyapitisha kwenye chujio, kisha huyasukuma kwenye paipu nyembamba hadi kwenye vichwa vya kurushia maji. Kwa kawaida kila kichwa huwa na valvu yake ya kupunguza au kuongeza nguvu. Valvu hizo zifunguliwe polepole, na zisifungwe zote wakati pampu inaendelea kufanya kazi, kwa sababu shinikizo hupanda na huweza kupasua paipu au kuharibu pampu.

Nyumba nyingi hutumia swichi ya saa, ambayo huwasha na kuzima pampu yenyewe. Hapa ndipo wengi hujisahau. Stima ikipotea, pampu husimama. Ikirudi, pampu huweza kuanza ghafla bila mtu kuigusa. Tena, saa ya mshale husimama stima inapopotea, kwa hivyo hubaki nyuma. Maji yaliyopangwa kuruka saa kumi na mbili jioni yanaweza kuanza saa mbili usiku, mtu akiwa anasafisha kidimbwi au mtoto akichezea karibu na tundu la kuvutia maji. Baada ya kila kupotea kwa stima, saa hiyo irekebishwe. Na kabla ya kazi yoyote kidimbwini, pampu izimwe kwenye swichi kuu yake, si kwenye swichi ya saa pekee.

Kinga ya stima

Laini ya pampu na taa za kidimbwi inafaa kuwa na swichi ya kinga ambayo mafundi huiita RCD. Swichi hii hukata stima mara moja inapovuja, na ile ya kulinda watu hukata kwa uvujaji usiozidi miliampea 30. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyezwe kila mwezi. Swichi isipokata inapobonyezwa, pampu na taa zisitumiwe hadi fundi afike.

Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na transfoma yake iwekwe mbali na maji, mahali pakavu. Waya wa nyongeza unaotandazwa kwenye nyasi au kando ya kidimbwi usitumiwe kamwe. Kazi yote ya stima ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi kuanza.

Anayeogelea akihisi mwili kuwashwa au kufa ganzi kama aliyeguswa na stima, kila mtu atoke majini bila kushika ngazi au vyuma, na stima izimwe kwenye swichi kuu ya nyumba.

Hatari ya mvuto

Mahali maji yanapovutwa kuelekea kwenye pampu pana nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Nywele ndefu, nguo au mwili wa mtoto unaweza kunaswa hapo. Mwaka wa 2002 nchini Marekani, msichana wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alifariki baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la kutolea maji. Mwaka wa 2007 nchi hiyo ilipitisha sheria yenye jina lake kuhusu vifuniko salama.

Hapa nyumbani kanuni ni rahisi. Kifuniko kikivunjika, kikilegea au kikikosekana, kidimbwi kifungwe hadi kirekebishwe. Mtu akinaswa, pampu izimwe kwanza. Kumvuta kwa nguvu hakutoshi kuushinda mvuto. Ndiyo sababu kila mtu mzima katika nyumba, akiwemo mlinzi, mtunza bustani na mfanyakazi wa ndani, anapaswa kujua swichi ya pampu iliko. Ipakwe rangi au iwekewe maandishi makubwa, na mlango wa chumba cha pampu usizuiwe na viti au makopo ya dawa.

Maji yanayoruka huvutia watoto. Kidimbwi kizungushiwe ua pande zote nne, wenye kimo kisichopungua mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe. Mtoto asiachwe peke yake hata kwa dakika moja.

Dawa ya maji na pH

Maji yanaporushwa hewani, gesi ya kaboni iliyomo hutoka na kipimo cha pH hupanda. pH ikipita 8, klorini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake za kuua vijidudu. Kwa hivyo mwenye maji ya mapambo anaweza kutia dawa ileile anayotia jirani, na bado maji yake yakageuka kijani. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, na klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Vipimo vichukuliwe angalau mara mbili kwa wiki, na kila siku kidimbwi kinapotumiwa na watu wengi.

Asidi ya kupunguza pH hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi ndani ya asidi. Asidi na klorini zisichanganywe wala kuhifadhiwa pamoja, kwa kuwa zikikutana hutoa gesi ya sumu. Anayetia dawa avae glavu na miwani ya kukinga macho.

Chumvi, chokaa na upepo

Nyumba nyingi za Pwani hutumia maji ya visima, ambayo mara nyingi huwa na chumvi na chokaa. Chokaa huganda kwenye vichwa vya kurushia maji, na tao la maji hupinda au kumwagika nje. Pampu ikishazimwa, vichwa vifunguliwe, viloweshwe kwenye siki kwa saa chache na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Visitobolewe kwa msumari.

Upepo wa kusi unapovuma, nguvu za maji zipunguzwe au maji yazimwe. Maji yakipeperushwa nje, sakafu huteleza, na kina hushuka hadi pampu ikavuta hewa na kuungua. Kina kifike nusu ya tundu la pembeni la kuvutia maji.

Kidimbwi kilichoachwa

Mapambo yanapozimwa kwa muda, klorini na kuchuja maji visisitishwe. Mombasa imewahi kukumbwa na milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo wa mwaka wa 2017, na mbu anayeieneza hutoka yai hadi kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Ndoo, mitaro na vifuniko vilivyotuamisha maji kando ya kidimbwi vimwagwe kila wiki.

Ajali ikitokea

1. Zima pampu na stima. Usijitose majini kabla ya stima kukatwa.
2. Mtoe mtu majini na uangalie kama anapumua.
3. Ikiwa hapumui, mpe pumzi na ukandamize kifua chake bila kukoma hadi msaada ufike.
4. Mwingine apige simu 999 au 112.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Nyumba yenye kidimbwi inafaa kuwa na angalau mtu mmoja aliyepata mafunzo hayo.