Uvimbe wa mgongo haungoji mashine

Mkulima wa kahawa na migomba wa Karagwe au Kyerwa akilalamika mgongo, jibu huwa tayari: amebeba mikungu mno, apumzike. Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu yanayozidi usiku mtu amelala, kisha yakafuatwa na ganzi miguuni, mwendo wa kuyumba au shida ya kukojoa, hayaelezwi na mzigo. Huenda kuna uvimbe unaobana ugwe ndani ya uti wa mgongo. Upo unaoota kwenye utando wa ugwe, ambao huwapata zaidi wanawake. Kwa kawaida si saratani, hukua taratibu wala hausambai. Habari hiyo hutuliza watu kupita kiasi. Mfereji wa pingili ni mwembamba na mfupa hautanuki, hivyo hata uvimbe mdogo unaweza kupoozesha.

Husemwa kwamba bila kipimo cha MRI hakuna la kufanya, na safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam, ni gharama. Ni kweli MRI ndiyo huonyesha uvimbe vizuri; eksirei inaweza kutoonyesha kitu. Ila kushuku hakuhitaji mashine. Mwaka 1887, miaka 8 kabla ya eksirei kugunduliwa, daktari William Gowers wa London alikadiria mahali ugwe wa mgonjwa aliyepooza ulipobanwa kwa kumchunguza mwili tu. Daktari wa upasuaji Victor Horsley akapasua, asione kitu. Akaondoa mfupa zaidi kwenda juu, akaukuta uvimbe. Mgonjwa alitembea tena. Vifaa vya uchunguzi huo, pini na nyundo ya goti, haviishindi hospitali ya Nyakahanga wala ya Isingiro, hata zahanati.

Kwa nini basi kuhangaikia ugonjwa adimu wakati kifua kikuu cha mgongo kipo? Kwa sababu dalili za kubanwa ni zilezile, na anayezitafuta atakinasa hicho pia. Hofu kwamba kisu hupoozesha ina msingi, lakini uvimbe ulio nje ya ugwe mara nyingi hutolewa wote, na anayeingia upasuaji akitembea ana matumaini kuliko aliyebebwa. Tena si kila uvimbe hupasuliwa: ule wa mishipa ya damu ndani ya pingili, ukionekana kwa bahati tu, kwa kawaida huachwa. Barua ya rufaa yenye "maumivu ya mgongo" peke yake haimsaidii daktari wa Mwanza. Iandikwe ganzi inaishia wapi, mkojo ukoje, na miguu ilianza kulegea lini.